Sura ya Saba: Bunduki ya Mgeni katika Barabara ya Lubutu

Barabara ya Taifa namba 3 inaanzia Kisangani, inapasua msitu kwa takriban kilomita 240 mpaka Lubutu, halafu inaelekea Walikale na Bukavu. Lubutu iko kaskazini kabisa mwa jimbo la Maniema, nchini Kongo. Kindu, makao makuu ya jimbo, iko mbali nayo hivi kwamba wafanyabiashara wengi wa Lubutu hutazama zaidi Kisangani. Wageni wanaopita hapa ni wengi kuliko anavyodhani mtu aliyeko Kinshasa: maaskofu, wabunge, mawaziri, mabalozi, wakuu wa mashirika ya misaada, wanunuzi wa madini. Kila anapofika mgeni mkubwa kutoka ng'ambo, karibu yake huwa kuna mtu mwingine asiyeongea sana, anayetazama mikono ya watu badala ya nyuso zao. Huyo ndiye mlinzi. Sura hii inahusu kitu kimoja anachokibeba, au anachotamani kukibeba: bunduki.

Swali lenyewe linaonekana dogo. Mtu aliyepewa silaha na serikali yake ili amlinde balozi au tajiri, je, anaweza kuvuka nayo mpaka na kuitumia Maniema kama angeitumia kwao? Jibu la sheria ni hapana, na historia ya eneo hili imelirudia jibu hilo kwa damu zaidi ya mara moja. Mamlaka aliyonayo mlinzi juu ya silaha yake huishia mpakani. Akishavuka, atakachokuwa nacho ni kile tu atakachokubaliwa na mwenyeji. Kazi kubwa ya kumlinda mgeni, basi, hufanyika kabla gari halijawashwa: kumfanya mwenyeji ajue nani anakuja, na nani, kwa njia gani, na nani atambeba mgongoni hatari ikitokea.

Sheria ya mwenyeji

Nchini Kongo silaha zinaongozwa na Sheria-Amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Ilitungwa enzi za Mobutu, nchi ikiitwa Zaire. Msingi wake ni kwamba kuingiza, kumiliki na kubeba bunduki kunahitaji kibali cha serikali, na kwamba silaha za kivita ni za majeshi na polisi. Sheria hiyo haijali pasipoti ya mtu. Mfanyabiashara kutoka Dubai, mlinzi wake kutoka Afrika Kusini na mwindaji wa kabila la Wakomo aliyezaliwa Lubutu wote wanasimama mbele ya kanuni ileile.

Kampuni za ulinzi zinazofanya kazi Kongo nazo zimewekewa mpaka. Mlinzi wa kampuni binafsi anaweza kusimama langoni na redio na rungu, lakini si na bunduki. Kampuni inayotaka ulinzi wa silaha hushirikiana na Polisi ya Taifa, na ndiyo maana mbele ya benki au nyumba ya shirika unaona watu wawili wenye sare tofauti: mmoja wa kampuni, mikono mitupu, na mwingine wa polisi, Kalashnikov begani. Yule wa pili anawajibika kwa kamanda wake kwanza, kisha kwa anayemlipia posho. Kwa viongozi wa nchi na wageni wa taifa, polisi ina kikosi maalumu cha kulinda taasisi na watu wenye vyeo vya juu, na rais analindwa na Walinzi wa Jamhuri.

Nchi jirani zimechagua njia zinazotofautiana. Uganda inaruhusu kampuni binafsi kuwapa walinzi wao bunduki chini ya usimamizi wa polisi, na mgeni wa Kampala huzoea kuona mlinzi wa duka ana silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya kutoa leseni. Tofauti hizi ndizo zinazowaponza walinzi wengi. Anayefanya kazi Kampala hujenga mazoea ya Kampala, na anapovuka kuingia Kongo na bosi wake anajikuta anavunja sheria kwa kitendo kilekile ambacho jana kilikuwa halali.

Juu ya sheria za nchi kuna tabaka jingine. Tangu mwaka 2003, kwa Azimio namba 1493, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliweka vikwazo vya silaha mashariki mwa Kongo. Mwaka 2008, kwa Azimio 1807, vikwazo hivyo vilielekezwa kwa vikundi na watu wote wasio wa serikali wanaoendesha shughuli zao nchini humo. Azimio hilo lilifika hadi kwenye mavazi: fulana za kuzuia risasi na kofia za chuma ziliruhusiwa kuingia kwa muda tu, kwa matumizi binafsi ya watumishi wa Umoja wa Mataifa, wanahabari na wafanyakazi wa misaada na maendeleo. Ikiwa fulana imewekewa masharti ya namna hiyo, bunduki ya mlinzi binafsi ina nafasi gani? Kuna pia Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, inayofunga nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, na Mkataba wa Kinshasa wa Aprili 2010, unaofunga nchi za Afrika ya Kati. Kongo imo katika maeneo yote mawili, na kote lengo ni moja: kila bunduki ijulikane, iwe na alama, na iwe na mtu wa kuulizwa.

Kinga haimpi mtu ruhusa

Walinzi wengi, na wakati mwingine wakubwa wao, hujificha nyuma ya neno moja: kinga. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia unampa balozi kinga ya kutokamatwa na kutoshtakiwa. Ibara ya 29 inaitaka nchi mwenyeji ichukue hatua zote zinazofaa kumlinda yeye na heshima yake. Watu hukumbuka ibara hiyo na kuisahau ya 41, inayosema kwamba kila mwenye kinga ana wajibu wa kuheshimu sheria za nchi aliyomo. Kinga humzuia hakimu asimhukumu mtu. Haimpi mtu huyo kibali cha silaha, na haimzuii mwenyeji kumfukuza.

Utaratibu unaokubalika ni huu. Ubalozi huomba ruhusa mapema kwa wizara ya mambo ya nje ya mwenyeji, ukitaja jina la kila mlinzi, aina ya bunduki, namba iliyochongwa juu yake, idadi ya risasi, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mwenyeji hukubali, hukataa, au hukubali kwa masharti: bastola ndiyo, bunduki ndefu hapana, walinzi wawili, si sita, silaha ibaki ndani ya ubalozi isipokuwa katika misafara iliyotajwa. Nchi ambazo ndege itatua njiani nazo zina sheria zao. Kwenye ndege ya abiria bunduki husafiri ikiwa haina risasi, kwenye sehemu ya mizigo, imetangazwa kwa shirika la ndege, na risasi hufungwa kwa masharti na haziruhusiwi kuzidi kilo 5 kwa abiria. Atakayedhani ataimaliza safari ya Brussels hadi Kisangani kwa barua ya mwajiri wake tu ataishia kwenye chumba cha polisi wa uwanja wa kwanza.

Hata mataifa yenye nguvu hayakwepi majadiliano haya. Novemba 2004, huko Santiago, walinzi wa Chile walimzuia mlangoni mkuu wa walinzi wa Rais George W. Bush, na rais mwenyewe alirudi nyuma akamvuta mtu wake kutoka katikati ya msukumano. Picha zilizunguka dunia nzima. Aliyeziangalia kwa jicho la kazi aliona kwamba mahali fulani makubaliano ya nani aingie na nani abaki nje hayakuwafikia watu waliosimama mlangoni.

Yapo mabaya zaidi ya hayo. Tarehe 16 Septemba 2007, walinzi wa kampuni ya Blackwater walioajiriwa kuwalinda wanadiplomasia wa Marekani walifyatua risasi katika uwanja wa Nisour mjini Baghdad, na Wairaki 17 walipoteza maisha. Amri iliyotolewa na utawala wa muda wa kigeni ilikuwa imewaweka walinzi hao nje ya mkono wa mahakama za Iraki. Walinzi wanne walitiwa hatiani nchini Marekani mwaka 2014, na mwisho wa mwaka 2020 wakasamehewa na Rais Donald Trump. Januari 2011 mjini Lahore, Raymond Davis, mkandarasi wa shirika la ujasusi la Marekani, aliwapiga risasi na kuwaua Wapakistani wawili. Serikali yake ilidai ana kinga, Pakistani ikamshikilia, na alitoka Machi mwaka huohuo baada ya familia za marehemu kupokea diya. Kote huko mlinzi alitua na bunduki kabla ya mwenyeji na mgeni kukubaliana kwa uwazi ni mahakama ya nani itakayomuuliza. Waliolipa gharama ni watu waliokuwa wakipita njia.

Maelfu ya raia wa Uganda walikwenda Iraki katika miaka hiyo kufanya kazi ya ulinzi wa silaha. Kijana wa Afrika Mashariki anayesaini mkataba kama huo leo anapaswa kujua jambo moja: kampuni humpa mshahara na sare, lakini haiwezi kumpa kinga. Kinga hutolewa na mataifa kwa makubaliano. Siku bunduki yake itakapoua, atasimama peke yake mbele ya sheria ya nchi alimo.

Tuliyoyaona nyumbani

Nairobi ilipata somo lake Juni 2006. Waarmenia wawili waliojulikana kama ndugu Artur walitoa bastola mbele ya maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na mara baada ya hapo wakafukuzwa nchini. Tume iliyoongozwa na kamishna mstaafu wa polisi Shedrack Kiruki ilichunguza mkasa huo. Wakenya waliuliza kwa haki: iliwezekanaje wageni wawe na silaha uwanjani, na nani aliyewapa ujasiri huo?

Somo la Kisangani lilikuwa chungu zaidi, na liko karibu sana na Lubutu. Mei 2009 Wanorwe wawili, Joshua French na Tjostolv Moland, walikodi gari Kisangani na kuingia barabara ya Bafwasende. Wote walikuwa wamewahi kuwa wanajeshi na walikuwa wameanzisha kampuni ya ulinzi nchini Uganda. Njiani dereva wao, Mkongomani, aliuawa kwa risasi. Wao walisema waliviziwa na watu wenye silaha. Walikimbilia msituni, French alikamatwa kule Epulu, katika hifadhi ya okapi, na Moland siku chache baadaye. Walikutwa na vitambulisho vya jeshi la Norwe.

Walifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi, ingawa wakati huo hawakuwa wanajeshi wa nchi yoyote. Wasomaji wengi wa nje walishangaa. Anayeijua Kongo hakushangaa: sheria ya mahakama za kijeshi ya Novemba 2002 inazipa mahakama hizo uwezo wa kumhukumu hata raia aliyetenda kosa kwa silaha ya kivita. Septemba 2009 wote wawili walihukumiwa kifo, kwa mauaji na kwa ujasusi pia. Norwe ilikana kabisa kwamba walitumwa nayo. Moland alifia gerezani Kinshasa Agosti 2013. French alirudishwa Norwe Mei 2017, baada ya miaka minane.

Kuhusu kilichotokea dakika ile barabarani, watu wataendelea kubishana. Kwa mlinzi wa kitaalamu funzo liko wazi kuliko ubishi huo. Watu wawili wa kigeni, wenye historia ya kijeshi, wakiwa na bunduki na vitambulisho vya jeshi la nchi nyingine, katika jimbo lililokuwa limetoka vitani juzi, hawakuwa na ofisi hata moja ya Kongo ambayo ingesema: hawa tunawajua, tuliwapa ruhusa hii, kwa kazi hii. Hilo lilipokosekana, kila kitu walichokuwa nacho kiligeuka ushahidi dhidi yao.

Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Katika Maniema msemo huu una kaburi lake. Novemba 1961, ndege mbili za jeshi la anga la Italia, zikifanya kazi chini ya Umoja wa Mataifa, zilitua Kindu kuwapelekea mahitaji askari wa Malaya waliokuwa kwenye kikosi cha amani. Askari wa Kikongo walioasi waliwachukulia Waitalia hao kuwa Wabelgiji au mamluki wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga. Waitalia 13 waliuawa. Chuki dhidi ya mamluki ilikuwa na sababu zake, na miaka iliyofuata ilizidisha sababu hizo: Julai 1967 mamluki wa Jean Schramme waliasi na kuushambulia Kisangani, kisha wakauteka Bukavu, na mwanzoni mwa 1997 mamluki wa Kiserbia walikuwa Kisangani wakimpigania Mobutu. Mzee wa Lubutu anapomwona Mzungu mwenye bunduki, haoni kwanza mlinzi wa balozi. Anaona mambo aliyoyaona au aliyosimuliwa na baba yake. Kitambulisho kilichoandikwa Roma au Oslo hakifuti kumbukumbu hiyo. Kinachoweza kuituliza ni polisi wa Kikongo aliyesimama kando ya mgeni, na habari iliyotangulia kufika kwa chifu na kwa msimamizi wa teritwari.

Kibumba, tarehe 22 Februari 2021

Luca Attanasio, balozi wa Italia nchini Kongo, alikuwa na umri wa miaka 43. Asubuhi ile alitoka Goma kuelekea Rutshuru kutazama mradi wa kulisha watoto shuleni wa Mpango wa Chakula Duniani, ambao Wakongomani huufahamu zaidi kama PAM. Pamoja naye alikuwa mlinzi wake, Vittorio Iacovacci, mwanajeshi wa Carabinieri mwenye miaka 30, na dereva wa PAM, Mustapha Milambo. Msafara ulikuwa wa magari mawili. Hayakuwa magari yanayozuia risasi, na hakukuwa na askari wa kuyasindikiza. PAM ilieleza kwamba barabara ilikuwa imeruhusiwa kutumika bila msindikizaji.

Karibu na Kibumba, kilomita zisizozidi 30 kutoka Goma, watu wenye silaha waliuzuia msafara. Milambo aliuawa palepale. Wengine walisukumwa kuelekea msituni. Walinzi wa hifadhi ya Virunga na wanajeshi wa Kongo waliposogea, risasi zilirushwa, na Iacovacci na Attanasio wakapoteza maisha.

Baadaye yalifuata maswali ambayo kila mlinzi anapaswa kuyasoma kama mtu anayesoma mtihani wake mwenyewe. Serikali ya Kongo ilisema mamlaka za usalama hazikuwa zimearifiwa kuhusu safari ya balozi. Waendesha mashtaka wa Roma walidai kwamba katika maombi ya kibali cha safari ndani ya Umoja wa Mataifa majina ya balozi na mlinzi wake hayakuandikwa. Wafanyakazi wawili wa PAM walishtakiwa Italia kwa uzembe. Februari 2024 jaji wa Roma aliamua kwamba kinga ya Umoja wa Mataifa inazuia kesi kuendelea. Nchini Kongo, Aprili 2023, mahakama ya kijeshi ya Kinshasa iliwapa watu sita kifungo cha maisha, mmoja wao akiwa hajakamatwa.

Tazama jinsi wajibu ulivyogawanyika asubuhi ile. Mlinzi aliwajibika kwa Italia. Magari yalikuwa ya shirika la Umoja wa Mataifa. Barabara ilikuwa ya Kongo. Hifadhi ilikuwa na walinzi wake. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na hakuna aliyeshika kitu kizima. Iacovacci alikuwa mtu mmoja, kijana aliyefunzwa vizuri, akitarajiwa kujaza pengo ambalo taasisi nne hazikulijaza. Hata angekuwa na silaha bora kuliko zote duniani, mtu mmoja ndani ya gari la kawaida hawezi kushinda waviziaji waliochagua mahali na saa. Ninasema hivi kwa heshima kwake: hakufa kwa sababu ya upungufu wake. Ulinzi wa silaha wa kumlinda balozi katika barabara ile ulikuwa wa kutolewa na mwenyeji, na mwenyeji huleta ulinzi pale anapoambiwa.

Kuna uamuzi mwingine ambao mlinzi mzuri hulazimika kuutetea mbele ya mkubwa wake, nao ni kutokwenda. Safari ya Papa Fransisko iliyopangwa Julai 2022 ilijumuisha Goma. Iliahirishwa kwa sababu ya goti lake, na alipokuja hatimaye, mwisho wa Januari 2023, Goma ilikuwa imeondolewa kwa sababu ya vita. Waathiriwa kutoka mashariki walisafiri hadi Kinshasa, na papa akawasikiliza katika ubalozi wa Vatikani. Waliohuzunika Goma walikuwa na haki ya kuhuzunika. Hata hivyo ujumbe wao ulifika, na hakuna dereva, polisi wala mtoto wa njiani aliyekufa kwa ajili ya msafara ule.

Lubutu na mlango usiopitisha bunduki

Lubutu yenyewe ina sababu ya pekee ya kuogopa silaha zinazoambatana na msaada. Mwishoni mwa 1996, kambi za wakimbizi wa Rwanda huko Kivu zilipovunjwa, watu zaidi ya 100,000 walitembea msituni mpaka Tingi-Tingi, kilomita chache kutoka mjini. Ndege za misaada zilitua juu ya lami ya barabara. Februari 1997 Sadako Ogata, mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, alifika kuwaona. Kipindi hichohicho silaha zilikuwa zikiletwa kwa ndege kwa wanajeshi wa zamani wa Rwanda waliokuwa miongoni mwa wakimbizi, kwenye njia ileile ya kurukia iliyoleta unga na dawa. Shirika la wakimbizi lililalamika. Mwanzoni mwa Machi majeshi ya waasi wa AFDL yalifika, na waliouawa au kutawanyika msituni walikuwa wengi mno.

Watu waliobeba bunduki Tingi-Tingi waliwafanya wasio na bunduki waonekane adui. Mambo kama haya ni sababu mojawapo inayofanya mashirika ya tiba yashikilie kanuni kali kuhusu silaha. Madaktari Wasio na Mipaka walipofanya kazi kwa miaka kadhaa katika hospitali kuu ya Lubutu, walikuja na kanuni wanayoifuata duniani kote: hakuna silaha ndani ya hospitali wala ndani ya gari. Mwanajeshi mgonjwa anatibiwa, bunduki yake inabaki nje. Ile picha ya bunduki iliyopigwa mstari mwekundu, iliyobandikwa langoni na kwenye vioo vya magari, ni sheria kamili ya ulinzi. Inasema kwamba usalama wa watu hawa unatokana na kujulikana wao ni nani, wanamtibu nani, na kwamba hawana upande.

Siwezi kusema kanuni hiyo inamfaa kila mgeni. Waziri wa nchi yenye maadui hawezi kusafiri kwa stika peke yake, na wafanyakazi wa misaada wasio na silaha nao wameuawa Kongo. Lakini kanuni ya hospitali na kanuni ya mlinzi wa balozi zinakutana mahali pamoja. Zote zinataka mgeni asiwe fumbo kwa wenyeji.

Kwa mlinzi, na kwa mwenyeji

Mlinzi anayemleta mtu mkubwa Lubutu aanze na karatasi. Kibali cha silaha kiwe cha serikali ya Kongo, kwa Kifaransa, chenye jina lake na namba ya bunduki, na nakala zake ziwe kwenye kila gari, kwa sababu magari hutengana. Ordre de mission, yaani hati ya safari ya kikazi, ionyeshe majina ya wote bila kumficha yeyote kwa sababu ya cheo. Akikataliwa kibali, asibebe. Aombe polisi wa kusindikiza, akutane na kamanda wao siku moja kabla, wakubaliane kwa maneno ya kawaida: nani anafyatua, katika hali gani, nani anamtoa mgeni ndani ya gari, hospitali ipi iko karibu, gari likiharibika kati ya Kisangani na Lubutu wanafanya nini. Lugha ya makubaliano iwe Kiswahili ikiwezekana, maana ndiyo itakayopigwa kelele risasi zikianza. Dereva wa hapa alipwe kama mtu wa ulinzi na asikilizwe kama mtu wa ulinzi. Anaijua barabara kuliko ramani zote, na katika mikasa miwili iliyosimuliwa hapo juu yeye ndiye aliyetangulia kufa.

Na wewe mwenyeji, uwe msimamizi wa teritwari, polisi wa kizuizi cha barabarani, padri au mwenyekiti wa mtaa, una haki ya kuuliza. Mgeni mwenye silaha aonyeshe kibali chake. Polisi anayeshika karatasi ile aisome kweli, alinganishe namba na bunduki, aandike kwenye daftari, kisha amwachie aende bila kuomba chochote. Anayegeuza ukaguzi kuwa njia ya kupata fedha anawafundisha wageni kwamba kila bunduki ina bei ya kupitia, na siku moja itapita bunduki ya muuaji kwa bei hiyohiyo.

Kongo imepigwa na bunduki za watu wasioulizwa kwa zaidi ya miaka sitini. Kumuuliza mlinzi wa balozi karatasi yake kwenye kizuizi cha Lubutu hakumdharau balozi. Ndiko kumlinda, na kumlinda dereva wake, na kuwalinda wanawake wanaopita kando ya barabara ile na mizigo yao ya mihogo. Nchi inayojua kila bunduki iliyomo ndani yake inaweza kumpokea mgeni yeyote. Nchi isiyojua haiwezi kumlinda hata mtoto wake.